Dizeli inaukataa moto wa kiberiti, kisha inawaka bila plagi: inakuwaje?

Swali: Fundi, shikamoo. Nimeendesha gari la petroli kwa miaka 11 na sasa nataka kuhamia kwenye dizeli. Kijana anayenitengenezea gari ameniambia mambo mawili yasiyokaa pamoja kichwani mwangu: kwamba ukidondosha kijiti cha kiberiti kwenye dizeli kinazimika, na kwamba dizeli hiyohiyo inawaka yenyewe ndani ya injini isiyo na plagi ya cheche. Ananitania? Halafu, kama yote mawili yanatoka kwenye mafuta ghafi yaleyale, kwa nini kukosea pampu mara moja kunaweza kuharibu injini? Na mwisho, nihame au nibaki nilipo?

Jibu: Marahaba. Kijana wako hakutanii. Yote mawili ni kweli, na ukishaona yanavyokaa pamoja, mengine yote utayaelewa bila shida: kwa nini dizeli inanguruma, kwa nini injini yake ni nzito, kwa nini moshi wake una masizi, na kwa nini petroli ikiingia mle inaleta balaa. Kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo kabla ya kufika kwenye kununua.

Neno "kuwaka" tunalitumia kana kwamba ni jambo moja. Ni mawili. Kwanza, mafuta yakiwa majimaji hayawaki; kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ndiyo maana ukifungua tangi tu harufu inakupiga. Dizeli ya kawaida haifiki hapo mpaka ipashwe joto kupita nyuzi 52 au 55 hivi. Kijiti cha kiberiti kikidondoka kwenye dizeli iliyopoa hakikuti mvuke wa kukipokea; kinalowa na kuzimika kama kimetumbukia majini.

Jambo la pili ni hili: mvuke ukishakuwepo, bila cheche wala mwali, utajiwasha wenyewe kwenye joto gani? Hapa meza inapinduka. Dizeli hujiwasha kwenye nyuzi 210 hivi. Petroli huvumilia zaidi, kati ya 250 na 280 kutegemea ilivyochanganywa. Yaani ile iliyo nyepesi kushika moto wa mtu mwingine ndiyo iliyo nzito kujiwasha, na ile inayoudharau moto wa kiberiti ndiyo inayojiwasha mapema ikibanwa kwenye joto.

(Tafadhali usiende kujaribu. Dizeli iliyolowesha kitambaa huwaka vizuri sana, kitambaa kikiwa utambi. Na dizeli inayovuja kama ukungu juu ya bomba la moshi lenye joto kali imeshateketeza magari mengi.)

Sababu iko kwenye molekuli. Mafuta yote haya ni haidrokaboni, kaboni na haidrojeni zilizoshikana. Kiwandani mafuta ghafi huchemshwa, na mvuke wake hupanda kwenye mnara mrefu ambao chini ni wa moto na juu umepoa. Kila kundi la molekuli hugeuka tena majimaji likifika kwenye ngazi yake. Zilizo ndogo, zenye kaboni 4 hadi 12 hivi, hupanda juu, na ndizo za petroli. Dizeli hubaki chini zaidi, chini hata ya mafuta ya taa, molekuli zake zikiwa na kaboni 10 hadi 20 na ushei. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 30 na kitu na kwisha kabla ya 210. Dizeli huchemka kati ya 180 na 360 hivi. Ndogo huruka upesi, kubwa hukaa. Hilo linamaliza habari ya kiberiti.

Kujiwasha ni habari ya umbo. Dizeli ina molekuli nyingi zenye umbo la minyororo mirefu iliyonyooka. Joto likiushika mnyororo wa namna hiyo, oksijeni hupata pa kuanzia kwa urahisi. Kiungo kimoja kikiachia, vipande vyake vinawashambulia majirani, na moto umeanza. Petroli nzuri imejaa molekuli zenye matawi au zilizojifunga kama pete, na hizo kuzifumua ni kazi. Ukaidi huo ndio unaopimwa kwa oktani: isooktani, molekuli fupi yenye matawi, imepewa 100, na heptani iliyonyooka imepewa 0. Utayari wa kujiwasha hupimwa kwa setani, na mwenye 100 huko ni heksadekani, kaboni 16 zilizojipanga mstari mmoja. Ulaya petroli ya kawaida ni oktani 95, na dizeli lazima ifike setani 51. Marekani huridhika na setani 40. Mafuta yenye oktani ya juu huwa na setani ya chini. Sifa ya mmoja ni kasoro ya mwenzake.

Nikiwa hapo hapo: oktani si nguvu. Kila mwezi nakutana na mtu aliyelipia oktani ya juu kuliko kitabu cha gari lake kinavyotaka, akaniambia gari "limechangamka". Kilichochangamka ni pochi ya muuzaji.

Sasa tuingie ndani ya silinda. Nikolaus Otto alipofaulu kuunda injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, alichanganya gesi ya kuwaka na hewa kwanza, akaubana mchanganyiko, kisha akauwasha. Injini ya petroli bado inafuata njia hiyo: mchanganyiko huwa tayari, hewa gramu 14.7 kwa kila gramu 1 ya petroli, na plagi ndiyo inayoamua ni lini uwake. Mafuta hapa yanatakiwa yawe na subira. Yakijiwasha kabla ya zamu yake, shinikizo linaruka ghafla, na unasikia injini "inagonga". Ndiyo maana injini nyingi za petroli haziubani mchanganyiko kupita mara 10 hadi 12 hivi. Ukibana zaidi, unaomba kugongwa.

Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi Wajerumani, alikuja na hesabu nyingine. Kama tatizo ni mafuta kuwemo wakati wa kubana, basi yasiwemo. Ibanwe hewa tupu. Hewa haijiwashi, kwa hiyo ibane utakavyo: mara 16, mara 18, zaidi. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la nyuzi 500 na kuendelea (ukipampu baiskeli kwa kasi, mdomo wa pampu unakuunguza vidole kwa sababu hiyohiyo). Pistoni ikifika juu, nozeli inapulizia dizeli kama ukungu ndani ya joto hilo, na katika muda kama wa sehemu moja ya elfu ya sekunde imejiwasha. Nani ana haja na plagi? Mwaka 1897, huko Augsburg, injini yake ilipimwa ikageuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, na wenye injini za mvuke wakaanza kukosa usingizi. Leo injini nzuri ya dizeli ya gari hupita asilimia 40, na zile kubwa za meli huvuka 50. Petroli, kwa ubora wake wote, huwa nyuma kwa hatua kadhaa.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Kwenye petroli, ukikanyaga mafuta unafungua mlango wa hewa, na petroli inafuata kwa kipimo. Kwenye dizeli, hewa huingia karibu yote siku zote. Mguu wako unaagiza mafuta tu. Injini haikabwi koo pumzi inapoingia, na hiyo ni sababu mojawapo ya dizeli kutumia mafuta kidogo sana ikiwa kwenye mwendo mwepesi. Lakini ina upande wake wa kutisha. Nimewahi kuona injini ya dizeli ya lori ambayo sili za turbo (feni inayoisukumia injini hewa) zilikufa, ikaanza kunywa oili yake yenyewe. Dereva akazima ufunguo. Injini haikuzima. Ikapanda mlio, ikapanda, moshi mweupe ukalijaza banda zima, sisi tumesimama. Ufunguo unakata dizeli, na yenyewe ilishapata chakula kingine. Aliyeituliza ni fundi mmoja mzee aliyechukua kipande cha mbao bapa, akakibandika kwenye mdomo wa bomba la hewa. Ikakohoa, ikafa. Alitumia mbao, hakuweka kiganja. Mvuto ule ungemkamata mkono.

Kubana sana ndiko kunakoifanya injini iwe nzito: bloku nene, kichwa kinene, fito nene. Nayo hufanya kazi taratibu, kwa sababu mafuta yanahitaji muda wa kuchanganyika na kuungua. Gari la dizeli huanza kuvuta vizuri kwenye mizunguko 1,500 au 2,000 kwa dakika, hasa likiwa na turbo, ilhali la petroli hupenda kuzungushwa. Ukizoea petroli, wiki ya kwanza utabadilisha gia umechelewa.

Ulaji wa mafuta nao una kifuniko kinachopaswa kufunuliwa. Dizeli ni nzito: lita moja ina gramu 830 au 840 hivi, wakati lita ya petroli ina kama gramu 740. Ukipima kwa kilo, nishati zao karibu zinalingana. Ukipima kwa lita, dizeli ina megajuli 36 hivi na petroli 32. Basi sehemu ya ule "ubahili" wa dizeli si ufundi wa injini, ni kwamba lita yake imeshiba zaidi. Na kaboni dioksidi vilevile: lita ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3, ya dizeli karibu 2.7. Chukua magari mawili ya mfano, moja la petroli linalokunywa lita 7.5 kwa kilomita 100 na la dizeli linalokunywa lita 6. Kwenye lita umeokoa asilimia 20. Kwenye kaboni dioksidi ni kilo 17 dhidi ya 16. Anayekuuzia gari atakusomea hesabu ya kwanza tu.

Moshi. Dizeli haina muda wa kuchanganyika na hewa sawasawa, hivyo kila tone la ukungu lina kiini ambacho hakikupata oksijeni ya kutosha. Hicho ndicho kinachotoka kikiwa masizi. Pembeni ya tone kuna joto kali na hewa ya ziada, na hapo nitrojeni ya hewani huungana na oksijeni. Ukipunguza joto, masizi yanaongezeka. Ukiongeza joto, oksidi za nitrojeni zinaongezeka. Wahandisi wamepigana na hilo kwa miongo mingi. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 yaliwekewa programu ya kutambua kuwa yanapimwa, yakajidai masafi maabara na kurudia tabia yao barabarani. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeshauweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Dizeli za kisasa hubeba chujio la masizi kwenye bomba la moshi na, nyingi, tangi dogo la maji ya urea ya kuvunja oksidi zile. Petroli ina raha ya mtungi mmoja wa kichocheo unaosafisha vitu vitatu kwa mpigo, kwa kuwa mchanganyiko wake una kipimo maalumu. Ila usidanganyike na weupe wa moshi wake: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na injini ya petroli iliyoachwa ikinguruma ndani ya chumba imeua watu wasiojua hata kilichowapata.

Swali lako la pampu sasa. Huwa nawafanyia vijana wanaojifunza kwangu jambo dogo: tone la petroli na tone la dizeli juu ya kioo, ubavu kwa ubavu, mbali na moto. La petroli hutandaa, hupungua kutoka ukingoni, na kabla hujamaliza sentensi mbili limekwisha, kioo kikavu. La dizeli tunaliacha. Kesho yake asubuhi bado lipo, limenasa vumbi, na ukiligusa linateleza kati ya vidole. Petroli ni kiyeyushi, inaondoa mafuta. Dizeli yenyewe ni mafuta ya kulainisha.

Pampu ya msukumo mkubwa kwenye dizeli ya kisasa inasukuma mafuta kwa shinikizo la baa 1,600 hadi 2,500. Vyuma vyake vinakaribiana mno, na oili yake ni dizeli ileile inayopita. Ukiingiza petroli, umeosha oili. Chuma kinasugua chuma. Nililetewa gari lililojazwa petroli na mwenyewe akaniambia aliliendesha "kidogo tu, hadi lilipoanza kukata". Nilipofungua filta na kuimwaga kwenye bakuli jeupe, chini kulitulia vumbi linalong'aa kama unga wa fedha. Ile ilikuwa pampu yake. Na vumbi lile halikuishia kwenye filta. Lilikuwa limeshafika kwenye reli, yaani bomba linalozigawia nozeli mafuta, kwenye nozeli zote nne, na likarudi tangini kwa mpira wa kurudisha. Tulibadilisha karibu kila kitu ambacho mafuta yalikigusa. Zile dizeli za zamani zenye pampu za kawaida zilikuwa zikisamehe petroli kidogo, na baadhi ya madereva wa nchi za baridi waliichanganya makusudi ili dizeli isigande nta. Ushauri huo umeshazeeka. Usiutumie kwenye injini ya leo.

Kuna na hatari isiyosemwa sana. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi la petroli mvuke kwa kawaida umezidi hapo, na ndani ya tangi la dizeli haufiki. Ukichanganya, unaweza kuangukia katikati.

Dizeli ikiingia kwenye petroli, hasara ni ndogo. Haipati mvuke, haikubali cheche vizuri, plagi zinachafuka, moshi unafuka, gari linakataa. Unamwaga tangi, unasafisha plagi, unaendelea na maisha. Tena ni vigumu kuifanya: mahali pengi mdomo wa pampu ya dizeli ni mnene na hauingii kwenye shingo ya tangi la petroli. Mdomo wa petroli, kwa bahati mbaya, unaingia bila shida kwenye tangi la dizeli. Kosa jepesi kufanya ndilo lenye gharama. Ikikutokea, usiwashe. Usizungushe hata ufunguo nusu, maana kwenye magari mengi pampu ya tangini huanza kusukuma papo hapo. Lisukumwe kwa mikono pembeni, limwagwe.

Na ukiona dizeli inavuja kwenye mabomba ya injini inayonguruma, usipapase kwa kidole kutafuta tundu. Kwa shinikizo lile, uzi mwembamba wa dizeli hutoboa ngozi na kuingia nyamani. Tundu linaonekana dogo kama la sindano, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono akichelewa hospitali.

Uhame? Inategemea safari zako, na hukuniambia ni zipi. Ukiendesha mbali, mzigo mzito, barabara ndefu, dizeli itakufaa na injini itadumu. Kama safari zako ni za dakika kumi kwenda na dakika kumi kurudi, kaa na petroli. Chujio la masizi linahitaji joto la nyuzi 600 hivi ili kuyachoma yaliyojaa, na gari lisilopata mwendo mrefu haliupati mwanya huo. Chujio linaziba, taa inawaka, unaanza kunilaani. Sipendi kumwona mtu amenunua dizeli kwa ajili ya kwenda sokoni.

Ukiamua kununua iliyotumika, nenda kuliona asubuhi na mapema, na kabla ya salamu ndefu weka kiganja juu ya bloku. Dizeli iliyochoka kubana hewa, au yenye plagi za kupasha joto zilizokufa (hizi si za cheche; hupasha silinda moto kabla ya kuwasha), hujificha vizuri ikiwa imeshapata moto. Ikiwa baridi haiwezi. Washa ufunguo, ngoja taa ndogo yenye umbo la koili izimike, kisha piga staata. Ikizunguka mara mbili tatu na kushika, na moshi ukapotea mara moja, una pa kuanzia mazungumzo. Lakini kiganja kikikuta bloku lina joto, mtu ameshaliwasha kabla hujafika. Mwambie utarudi kesho, na asiliguse.